Mgandisho kwa Umeme, Ufyonzaji kwa Mimea

Bondeni, si mbali na mitaa ya kifahari ya Nyarutarama jijini Kigali, ndiko kilikojengwa kiwanda cha nguo cha UTEXRWA, kilichoanza kazi miaka ya 1980. Maji ya bonde hilo huingia kinamasi cha Nyabugogo, yakafuata mito ya Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria. Kwa hiyo anayechota maji Mwanza naye yumo katika habari hii.

Maji ya rangi za nguo kutoka kiwanda kama hicho yanaweza kusafishwa kwa elektrokoagulesheni, ambayo napenda kuiita mgandisho kwa umeme. Kitenzi tunacho tayari: maziwa huganda, damu huganda. Mabamba ya chuma au alumini huzamishwa ndani ya maji machafu, ukapitishwa umeme kama wa betri. Bamba la upande chanya huliwa kidogo kidogo na kutoa chembe zenye chaji chanya. Chembe za rangi, nyingi zikiwa na chaji hasi, husukumana zisikutane. Chaji hiyo ikishatulizwa, hushikana zikawa mabonge. Upande wa pili hutoka viputo vya haidrojeni vinavyoyanyanyua mengine hadi juu, na mengine hutuama. Chumvi inayotumika kutia pamba rangi, ambayo shambani ni balaa, hapa inafaa: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri.

Njia ya pili, faitorimediesheni, yaani kutumia mimea kuondoa sumu majini, ndiyo ngumu kuipa jina. Wengi huandika usafishaji kwa mimea, nami silikubali jina hilo, kwa sababu risasi haiozi wala haiyeyuki ikapotea. Utafiti wa Christian Sekomo, aliyetetea tasnifu yake mjini Delft, Uholanzi, mwaka 2012, ulionyesha kwamba mafunjo ya Nyabugogo hulimbikiza metali hasa mizizini. Alipojaribu mabwawa ya mwani na ya vijimea vinavyoelea, kromiamu na zinki ziliondoka vizuri, lakini risasi, kadimiamu na shaba hazikuondoka vya kutosha.

Ndiyo maana naandika ufyonzaji wa sumu kwa mimea. Anayelisoma neno hilo atauliza sumu iliyofyonzwa iko wapi, nani atavuna mimea hiyo, na ng'ombe watazuiwaje wasiile. Tope la mgandisho nalo linadai maswali hayohayo.

Njia hizi mbili zikiunganishwa, umeme hutangulia: maji yenye rangi nzito huzuia mwanga, na bila mwanga mwani na mimea iliyozama haikui.