Pesa 64 za Rupia: Vigawo katika Sarafu za Pwani

Kigawo cha namba nzima ni namba nzima inayoigawanya bila kuacha baki, na kigawe chake ni zao linalopatikana namba hiyo inapozidishwa kwa namba nzima nyingine; hivyo 16 ni kigawo cha 64, na 64 ni kigawe cha 16. Uhusiano huo ndio ulioamua, katika masoko ya pwani ya Afrika Mashariki, ni kiasi gani kidogo ambacho mnunuzi aliweza kukilipia kwa haki.

Rupia iliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa na ana 16, na kila ana pesa 4, kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Namba hiyo, iliyojengwa kwa 2 pekee, hukatwa nusu mara sita mfululizo, yaani 32, 16, 8, 4, 2 na 1, pasipo kubaki kipande. Vipimo vya nafaka navyo vilikwenda hivyo hivyo, kwani vibaba viwili hufanya kisaga na visaga viwili hufanya pishi. Ikiwa pishi ya mtama iliuzwa pesa 8, kibaba kiligharimu pesa 2, na hata nusu kibaba kililipiwa pesa moja kamili.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliufuata mpango huo ilipoanza kutoa sarafu za pesa mwaka 1890. Mwaka 1904, utawala wa Kijerumani ulipokuwa umechukua mamlaka ya sarafu, rupia iligawanywa upya katika heller 100, ambazo wenyeji waliziita hela. Anayehesabu vigawo tu angesema 100 imeizidi 64, maana ina vigawo 9 na mwenzake 7. Lakini 100 ni zao la 2, 2, 5 na 5, hivyo hukatwa nusu mara mbili tu. Tena kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, yaani kigawo kikubwa kuliko vyote vinavyozigawanya zote, ni 4, ndiyo maana pesa 16 zililingana na hela 25, na hakuna idadi ndogo zaidi ya pesa iliyolingana na hela kamili.

Thumuni ya rupia, yaani sehemu yake ya nane, iliyokuwa pesa 8, sasa ilikuwa hela 12 na nusu. Sarafu ya nusu hela, iliyotengenezwa kati ya 1904 na 1906, iliweza kuilipa, lakini hatua iliyofuata ilidai hela 6 na robo, na robo hela haikuwapo. Makarani walipata hesabu nyepesi ya desimali, na hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, mzigo wa mageuzi hayo uliwaelemea wanunuzi wa vibaba, ambao ndio waliohitaji zaidi mgawanyo usio na baki.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, rupia ilipothaminiwa shilingi 2 chini ya Waingereza, ikawa sawa na senti 200, na thumuni yake ikawa senti 25 kamili, ilhali nusu ya thumuni iliendelea kudai nusu senti.