Mavazi na Uhuru katika Visiwa vya Karibi

Mavazi ni sehemu mojawapo ya utamaduni wa taifa. Nguo humsitiri mtu, na tena humsemea. Watawala wa Visiwa vya Karibi walilifahamu jambo hili, wakaiweka nguo chini ya amri kama walivyouweka mwili. Mwaka 1685, Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alitoa sheria ya kuendesha utumwa katika makoloni yake. Humo iliamriwa kwamba kila mtumwa apewe nguo mbili za kitani kwa mwaka, au kitambaa kisichofika mita 5, kwa hiari ya bwana wake. Jamaika nayo, chini ya Waingereza, Waafrika waligawiwa kitani kigumu kutoka Ulaya.

Hata hivyo, utu wao haukuvulika. Wanawake wa Jamaika waliubandua mti uitwao lagetto gome lake la ndani, wakalitanua kwa vidole hata likawa wavu mwororo mfano wa lesi. Kwa wavu huo walishona kofia, kola na mapambo ya magauni. Gome la mti huo huo ndilo lililosokotwa kuwa mijeledi. Yaani mti ule uliotumika kuwachapa, wao waliutumia kujipamba.

Katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, agizo la mwaka 1779 liliwakataza weusi na machotara waliokuwa huru wasiige mavazi ya wazungu. Miaka 25 baadaye, mwaka 1804, wananchi walitangaza uhuru wao, na amri za namna hiyo zikakoma.

Kisiwani Martinique, wanawake walitwaa kitambaa cha mirabaraba kilichotoka Madras, Uhindi, wakakifunga kilemba chenye ncha. Husimuliwa kwamba ncha moja ilimaanisha moyo u huru. Mbili, umekwisha kupata mwenyewe. Tatu, mke wa mtu. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa, kwani kanga nayo husema. Unguja, utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wengi wa wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki, wakajitanda kanga.

Katika miaka ya 1970 Waziri Mkuu wa Jamaika, Michael Manley, aliweka kando koti na tai, akavaa kareeba, vazi lililobuniwa na mshonaji Ivy Ralph. Lilikuwa tendo la heshima. Lakini chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa 1980, suti na tai zilirudi mahali pake. Kitambaa cha mirabaraba, ambacho Wajamaika hukiita bandana, kilikwisha kuzoeleka vichwani mwa wanawake wa kawaida kabla ya viongozi kukienzi, na hata leo huvaliwa katika sikukuu za taifa.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Historia ya Karibi yatuongezea neno: asili si lazima iwe kitambaa kilichofumwa nyumbani. Kitani kilitoka Ulaya, na madrasi Uhindi. Asili ni mkono unaokitwaa kitambaa hicho na kukipa maana yake wenyewe. Basi wanaotafuta vazi la taifa na waanze kutazama yale ambayo wananchi wamekwisha kuyasema kwa nguo zao.