Dhahabu ya Nyamongo Ilihesabiwa Wapi?

Desemba 2011, kampuni iliyokuwa ikichimba dhahabu Nyamongo, wilayani Tarime, iliorodhesha hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko hilo lilikuwa na viashiria vikuu viwili, na bado linavyo. Kimoja, DSEI, hujumlisha kampuni zote zilizoorodheshwa, za ndani pamoja na zile zilizokuja kutoka masoko ya nje. Cha pili, TSI, huhesabu kampuni za ndani peke yake. Kampuni hiyo, African Barrick Gold, iliandikishwa Uingereza na hisa zake zilianzia London, kwa hiyo ikaingia kwenye DSEI, na TSI haikuihusu. Mawe yalipasuliwa katika mashimo ya Gokona na Nyabirama, kilomita kama 20 kutoka mpaka wa Kenya. Vumbi liliwaangukia watu wa vijiji vya Kewanja, Nyangoto na Kerende. Lakini katika kipimo cha kampuni za Tanzania, dhahabu ile ilikuwa mgeni.

Hakuna aliyekosea. Ndivyo kanuni ilivyosema, na kanuni ilikuwa na sababu zake, kama tutakavyoona. Hata hivyo kisa hiki kinafaa kuwa mlango wa kuingilia historia ya viashiria vya masoko, kwa sababu kinaweka wazi jambo ambalo namba za jioni hulificha: kabla ya kujumlisha na kugawanya, mtu ameshaamua nani awe kwenye orodha, na kila mmoja awe na uzito gani.

Watu wa mkoa wa Mara, ilipo Tarime, walikuwa na vigezo vyao kabla ya hisa kufika. Mzee wa Kikurya aliyepokea wageni waliokuja kuposa hakutaja idadi ya ng'ombe kutoka hewani. Alijua binti wa jirani alitolewa wangapi, akajua na ukoo wa pili walitoa wangapi msimu uliopita, na mazungumzo yakaanzia hapo. Tena katika desturi za Wakurya kaka na dada hupangwa wawili wawili: ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada ndio wanaotoka kwa ndoa ya kaka yake. Idadi ikipanda katika boma moja, boma linalofuata halina budi kuipandisha, maana mifugo ile ile inasubiriwa na kijana anayetaka kuoa. Hicho ni kigezo kwa maana kamili ya neno. Ni kiwango kinachojulikana na wote, ambacho kila makubaliano mapya hupimwa nacho.

Ng'ombe hao hao watatusaidia kuelewa jinsi viashiria vinavyotengenezwa. Tuseme kijiji kina maboma matatu, nasi tunataka namba moja itakayotuambia kama mifugo yake imepanda thamani. Boma la kwanza lina fahali mmoja wa shilingi milioni 2. La pili lina majike 10, kila mmoja shilingi 800,000. La tatu lina ndama 100, kila mmoja shilingi 200,000. Mnadani, bei ya fahali inapanda kwa asilimia 10, ya wengine haisogei. Kijiji kimepanda kiasi gani?

Charles Dow, mwandishi wa habari za fedha wa New York, angechukua bei ya mnyama mmoja kutoka kila boma, akajumlisha, akagawanya. Ndivyo alivyofanya Mei 1896 kwa kampuni 12 za viwanda, na hesabu hiyo ndiyo mama wa Dow Jones tunayoisikia mpaka leo. Kwa njia yake, kijiji kimepanda kwa karibu asilimia 6.7, kwa kuwa fahali ana bei kubwa kuliko wote. Njia ya pili huzidisha bei kwa idadi, ikapata thamani ya zizi zima. Kwa njia hiyo mifugo yote ina thamani ya shilingi milioni 30, na fahali ameongeza 200,000 tu: kijiji kimepanda kwa asilimia 0.7. Hiyo ndiyo njia ya S&P 500 ya Marekani tangu 1957, ya FTSE 100 ya London tangu 1984, na ndiyo ya Dar es Salaam. Njia ya tatu huyapa maboma yote sauti sawa kwa kuchukua wastani wa kijiometri wa mabadiliko yao. Kwayo kijiji kimepanda kwa asilimia 3.2. Hii ilitumiwa Nairobi, kiashiria cha soko la huko kilipoanzishwa mwaka 1964.

Geuza mfano: ndama washuke kwa asilimia 10, fahali na majike wabaki walivyo. Dow atasema kijiji kimeshuka kwa asilimia 0.7, London watasema 6.7, Nairobi ya zamani itasema kama 3.5. Ng'ombe ni wale wale, mnada ni ule ule. Anayemwambia mwekezaji kwamba soko limepanda bila kumwambia limepimwa kwa njia gani amemwachia nusu ya habari.

Nairobi ilikuwa na soko la hisa tangu 1954, likihudumia biashara za Afrika Mashariki yote chini ya ukoloni. Mpaka uliowagawa Wakurya kati ya Tarime na Kenya uligawa pia namna ya kuhesabu jasho lao. Wakulima wa tumbaku wa upande wa Kenya waliuza majani yao kwa BAT, kampuni ambayo hisa zake ziko Nairobi. Upande wa Tanzania, baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki Februari 1967, hapakuwa na hisa za kupimwa. Kwa miaka karibu 30, bei zilizomhusu mtu wa Tarime au Mugumu zilikuwa zile zilizotangazwa na serikali kwa mazao, na zile za mnadani kwa mifugo.

Mageuzi yalikuja kwa sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ya 1994. Soko la Dar es Salaam likaandikishwa 1996, na biashara ikaanza Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Soko la kampuni moja halihitaji kiashiria. Bia, sigara na saruji zikafuata, kisha NMB mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Katikati yake zikaja kampuni za Kenya zilizokwisha kuorodheshwa Nairobi: Kenya Airways mwaka 2004, East African Breweries mwaka 2005, baadaye benki ya KCB. Zilikuwa kubwa mno kwa soko changa, na hisa zake zilinunuliwa Dar es Salaam kwa nadra sana. Lakini kwa njia ya kuzidisha bei kwa idadi, zilikuwa lile boma la ndama 100. Bei ikitikisika Nairobi, DSEI inatikisika, hata kama hakuna Mtanzania aliyeuza wala kununua hisa hata moja siku hiyo. Ndiyo maana TSI inahitajika: mtu anayetaka kujua hali ya kampuni za nyumbani asipotoshwe na upepo wa kwa jirani. Ni uamuzi wa busara, nami nautetea. Ila busara hiyo ndiyo iliyoiacha Nyamongo nje.

Dhahabu katika nchi hii ina umri mkubwa kuliko mgodi wa sasa. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kuna mahali paitwapo Kilimafedha, palipowahi kuchimbwa dhahabu, na jina limebaki hadi leo, nyumbu wakipita. Nyamongo nako wachimbaji wadogo walikuwepo kabla ya mitambo. Mgodi mkubwa, North Mara, ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mwaka uliofuata ukanunuliwa na Placer Dome ya Kanada, na 2006 Placer Dome yenyewe ikamezwa na Barrick. Machi 2010 Barrick iliikusanya migodi yake ya Tanzania katika kampuni moja, African Barrick Gold, ikauza sehemu ya hisa London kwa peni 575 kila moja. Kampuni ikawa miongoni mwa zile za kiashiria cha FTSE 250.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu kuingia kwenye kiashiria ni zaidi ya heshima. Mwaka 1976 John Bogle wa Vanguard, Marekani, alianzisha mfuko wa kwanza wa umma ambao haukujaribu kuchagua kampuni bora. Ulilenga kununua zote zilizokuwa kwenye S&P 500, kila moja kwa uzito wake, ukatoza ada ndogo. Hoja yake ilikuwa kwamba mameneja wengi hushindwa kukipita kiashiria mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo heri kukifuata. Mifuko ya aina hiyo ikaenea duniani. Tangu hapo kiashiria kilichokuwa kipimo kikawa pia amri ya manunuzi: kampuni ikiingia, mifuko inayokifuata lazima inunue, ikitoka, lazima iuze. Hivyo mstaafu wa Leeds au Cardiff, ambaye akiba yake ilifuata FTSE 250, alimiliki kipande cha Gokona bila kulisikia jina hilo maishani.

Naye mtu wa Kewanja hakumjua mstaafu huyo. Mei 2011 watu kadhaa walioingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu waliuawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2013 baadhi ya wanakijiji walifungua kesi dhidi ya kampuni, na waliifungua London, jiji lile lile zilikokuwa hisa. Ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Kiashiria hakina safu ya kuandikia mambo hayo. Kinapokea bei na idadi ya hisa, basi, na jamaa za waliokufa hawana uzito ndani yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa waandishi wa habari za masoko hutamka kwamba kampuni imefanya vizuri au vibaya kana kwamba neno hilo limebeba kila kitu.

Mwaka 2013 bei ya dhahabu duniani ilianguka kwa zaidi ya robo, na hisa za kampuni zikaanguka vibaya kuliko dhahabu yenyewe. Mwaka 2014 ikabadili jina kuwa Acacia. Kisha ikaja Machi 2017, serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, na Julai dai la kodi la dola bilioni 190. Makinikia yalitoka migodi mingine ya kampuni, Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara haikuwamo, kwa sababu dhahabu yake hutoka mgodini ikiwa imeyeyushwa. Lakini hisa ilikuwa moja kwa migodi yote mitatu, na iliporomoka kwa yote. Aliyesoma DSEI aliona sehemu ya mshtuko huo, aliyesoma TSI peke yake hakuuona. Mgogoro mkubwa wa kiuchumi wa mwaka ule nchini, kwa kiashiria cha nyumbani, ulikuwa mambo ya wageni.

Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zote za Acacia zilizokuwa mikononi mwa wengine, na jina hilo likafutwa London na Dar es Salaam. Ikaundwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na asilimia 16, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro. Kanuni za 2016 zilitaka migodi mikubwa iuze asilimia 30 ya hisa kwa umma wa Tanzania, lakini North Mara haijaonekana kwenye ubao wa soko. Ukitaka kuipata leo kwa njia ya kiashiria, uitafute Toronto, ndani ya Barrick.

Kiashiria cha nyumbani nacho kina kazi yake. Mwalimu wa Mugumu anayeweka akiba katika Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza 2005, ananunua vipande, na fedha zake zinachanganywa katika hisa na hati fungani. Akitaka kujua kama meneja wake anajitahidi, asiangalie tu kama kipande kimepanda. Akilinganishe na TSI kwa sehemu ya hisa, na riba ya hati fungani kwa sehemu iliyobaki, akikumbuka kwamba kiashiria cha bei hakihesabu gawio. Ndani ya TSI atawakuta anaoishi nao kila siku: benki inayopokea mshahara wake, Vodacom iliyoorodheshwa Agosti 2017, bia, saruji ya nyumba anayojenga. Hataukuta mgodi ulio ng'ambo ya Mto Mara.

Kipimo cha nje kinachomfikia mchimbaji mdogo wa Tarime ni kingine, tena cha zamani. Tarehe 12 Septemba 1919 wafanyabiashara wa nyumba tano walikubaliana bei ya dhahabu ya siku jijini London. Utaratibu huo ulikoma Machi 2015, nafasi yake ilipochukuliwa na mnada wa kielektroniki unaofanyika mara mbili kwa siku. Masoko ya madini yalipofunguliwa nchini mwaka 2019, la kwanza Geita, Tume ya Madini ikawa inatangaza bei elekezi. Wakia moja ni gramu 31.1. Ile bei ya dola hugeuzwa shilingi, hugawanywa kwa gramu, hupunguzwa kwa usafi wa dhahabu. Mchimbaji anaweka kipande chake kwenye mizani, anatazama karatasi ukutani, anapiga hesabu kwenye simu, kisha ndipo anapofungua mdomo kutaja bei.