Baridi isiyo na barafu

Hutokea kwetu Butembo, hata katika Mususa, mtu akaleta miche ya kakao kutoka upande wa Beni na kuipanda bondeni. Udongo mzuri, mvua ipo. Majuma machache yakipita majani hunyauka, na maneno huanza: jirani ana jicho baya. Neno hilo limevunja ujirani mwingi. Afadhali tusikilize kwanza habari za zamani.

Kunako miaka ya 1860 Mjerumani Julius Sachs alipoza udongo wa vyungu vya tumbako na maboga mpaka ukabaki na digri chache tu, bila kuganda. Majani yakalegea kama wakati wa kiangazi, na udongo umelowa! Kumbe mizizi ikipoa hushindwa kuvuta maji. Udongo ulipopata joto tena, majani yakainuka.

Je, ni kiu tu? Hans Molisch wa Austria aliweka mimea ya nchi za joto penye hewa baridi iliyojaa unyevu, isiweze kukauka. Hata hivyo ikafa, wala barafu haikuwapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 alitenganisha kufa kwa barafu na kufa kwa baridi tupu. Mwaka 1970 Lyons na Raison walitoa maelezo yao: ndani ya mmea mna ngozi nyembamba sana zenye mafuta, na katika mimea ya joto mafuta hayo hukazana upesi, kama mawese katika chupa asubuhi. Hapo kazi ya uhai huvurugika. Tena jani lililopoa halina nguvu ya kutumia mwanga, na jua la asubuhi huliunguza.

Kila mti na kwao. Mti wa kinini, mzaliwa wa milima ya Andes, ulikubali ubaridi wa milima ya Kivu. Wajapani walipoteka Java mwaka 1942, kulikotoka karibu kinini chote cha dunia, mashamba ya Kivu yalipata thamani kubwa. Michikichi ilibaki chini.

Kutoka Beni hadi Butembo tunapanda mita 600 hivi, na kila mita 100 hupunguza joto kwa zaidi ya nusu digri. Kakao huteseka chini ya digri 15, na usiku wetu mara nyingi hupita hapo. Tena hewa baridi hutelemka bondeni kama maji. Anayetaka kujaribu apande mtelemkoni, afunike miche kwa majani ya migomba. Lakini kahawa arabika ingemlipa zaidi.