Maganda ya ngazi: kutoka takataka hadi mazutu

Bunyakiri, katika teritware ya Kalehe, mawese na muhogo si vitu vya kutafuta. Mahali ngazi zinapokamuliwa, maganda ya kokwa yanabaki marundo. Mengine yanawashwa, mengine yanatupwa. Lakini maganda hayo yanaweza kutoa kichocheo cha kugeuza mawese kuwa biodizeli, yaani mazutu ya mimea.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini. Mwaka 1938 basi la abiria likatembea kwa mafuta ya mawese kati ya Brussels na Louvain.

Shida iko wapi? Ngazi zikikaa siku nyingi bila kukamuliwa, asidi inaongezeka ndani ya mafuta. Kwa kawaida biodizeli inatengenezwa kwa mafuta, methanoli na soda kali, ile ile ya kupikia sabuni. Asidi ikizidi, soda inatoa sabuni kuliko mazutu. Basi lazima asidi hiyo ishughulikiwe kwanza, na hapo ndipo kichocheo cha maganda kinaingia.

Mwaka 2005 Michikazu Hara na wenzake, huko Japani, walionyesha njia kwa kutumia sukari. Watafiti wengine wakaifuata kwa maganda ya ngazi na ya mpunga. Maganda makavu yanachomwa bila hewa, kwenye nyuzi kama 400, mpaka yawe makala. Makala yanapikwa ndani ya asidi kali ya salfa, nyuzi kama 150, kisha yanaoshwa kwa maji ya moto mpaka asidi isitoke tena.

Unga huo mweusi hauyeyuki. Unachanganywa na mafuta na methanoli, kwenye nyuzi kama 60, kisha unachujwa na kutumika tena. Nguvu yake inapungua polepole, na mafuta yaliyobaki bado yanahitaji soda.

Angalisho: hii si kazi ya jikoni. Asidi kali inaunguza ngozi, na mvuke wake ni sumu. Methanoli inashika moto haraka, na mtu akiinywa anaweza kupofuka ama kufa. Kazi hii ni ya maabara, pamoja na mtu aliyeisomea. Tena mawese ni chakula: yanayofaa kwa injini ni yale yaliyoharibika, si ya sufuria.