KISHIKWAMBI: Kifaa Kilichofika Kilambo kwa Kupiga Hodi

Leo ukitoa tableti kwenye daladala hakuna anayegeuka. Lakini kuna sehemu nyingi Tanzania ambako watu hawakuanza kuizoea dukani. Waliizoea mkononi mwa karani wa sensa, Agosti 2022. Chukua mfano wa Kilambo.

Kwa usiyepajua, Kilambo ipo mkoani Mtwara, mpakani, jirani na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Ng'ambo ni Msumbiji. Kuvuka kunategemea maji yajae. Yakipwa, msafiri atulie.

Apple walitoa iPad mwaka 2010. Miaka miwili baadaye, 26 Agosti 2012, Tanzania ikafanya sensa, ila kwa makaratasi. Yakajazwa kwa mkono, yakasafirishwa, yakapitishwa kwenye skana. Matokeo ya kwanza yakatangazwa 31 Desemba. Zaidi ya miezi minne!

Sensa ya 23 Agosti 2022 ikaja kivingine. Kwa mara ya kwanza makarani wakapewa vishikwambi. Wengi hata neno lenyewe walilisikia kipindi hicho, wakacheka, halafu wakalizoea. Ndani yake kuna ramani ya eneo la karani na maswali yote. Mtandao ukigoma, majibu yanabaki humo humo mpaka upatikane.

Sasa vaa viatu vya karani. Baadhi ya makarani walikuwa vijana waliomaliza masomo na hawana ajira. Kioo ni kikubwa kuliko simu yoyote uliyowahi kumiliki, umepewa bure, na roho haitulii. Kikidondoka je? Chaji ikiisha kabla hujamaliza kaya? Unakibeba kama yai.

Unafika na mwenyekiti, unapiga hodi, shikamoo babu, unakaa kwenye mkeka. Anahesabiwa kila aliyelala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa, hata mgeni. Kwa kijiji cha mpakani hiyo si ishu ndogo. Mkulima wa korosho, mvuvi, aliyelala akisubiri kuvuka, wote wanaingia kwenye hesabu ya Tanzania. Halafu unauliza kaya ina vitu gani, redio, simu. Babu anajibu huku macho yako kwenye hicho kidude chako.

31 Oktoba 2022 Rais Samia akatangaza matokeo Dodoma: watu 61,741,120. Mkoa wa Mtwara pekee 1,634,947. Imechukua miezi miwili na siku chache tu.

Karani yeye? Alirudisha kifaa. Alichobaki nacho ni posho na ujuzi wa vidole.

Ila stori haikuishia stoo. Serikali iliamua vishikwambi vya sensa viende kwa walimu. Hapo ndipo kidude kilipoanza maisha ya pili. Mwalimu aliyezoea kuchora ramani ya Afrika ubaoni kwa chaki, vumbi mpaka kwenye nyusi, sasa anaweza kupakua ramani yenyewe, mtaala na vitabu. Siku ya kwanza ni raha tupu. Wiki ya pili maswali yanaanza: bando analipa nani? Darasa zima litaangaliaje kioo kimoja? Na kifaa kiko mkononi mwake, lakini ni mali ya umma.

Ndiyo maana historia ya kishikwambi kwetu haifanani na ya Marekani. Kule mtu alipanga foleni dukani akanunua cha kwake. Huku kwa wengi kilianza kama kazi: kwanza kuhesabu watu, halafu kufundisha watoto wao. Kuhesabu kiliweza, namba zipo. Mtihani uliobaki ni wa darasani. Mtoto wa Kilambo aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mama yake naye ataingia shule. Akute kifaa kinafundisha, sio kimefungiwa kabatini.

Mwalimu unayemjua wewe, kishikwambi chake kinafanya kazi gani? Dondosha komenti hapo chini.