Shukrani Yenye Kumbukumbu

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli anayeleta kapu la malimbuko haambiwi ataje uzito wake. Anaagizwa asimulie historia mbele ya kuhani: babu aliyekuwa mhamaji, utumwa wa Misri, kilio, kisha nchi aliyopewa. Shukrani ya hadharani ni ushuhuda.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunayo pia ya kusimulia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Matrekta yalifyeka misitu. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na baadaye reli ikang'olewa. Wananchi wakaendelea kulima kwa jembe la mkono. Katika miaka ya 1960 Nachingwea ikapokea wageni, wapigania uhuru wa FRELIMO waliopata mafunzo huko. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Leo ardhi hiyohiyo inatupa korosho, ufuta na mbaazi.

Basi, washarika, sikukuu ya mavuno isigeuke mashindano ya magunia. Tukitangaza kiasi cha fedha tu, mjane mwenye kopo moja la mbaazi atajificha nyuma, na ushuhuda wake tutaukosa. Naye asimame, aseme jinsi Mungu alivyomvusha. Tena Torati inaagiza Mlawi na mgeni wafurahi pamoja nasi. Kwa hiyo sehemu ya mavuno hayo na iwafikie wasio na shamba.